Upande wa Kushoto wa Shemeji

Jela, London
Jumapili, 8 Februari 2015

Dada Dinah,

Barua yako imefika Alhamisi. Imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi ya kwao, lakini maneno yote yamo, hata lile doa la chai. Miezi mitatu tangu hukumu nilikuwa nikijiambia hutaniandikia tena maishani, na nilikuwa nimeshakubali. Nani amwandikie mtu aliyempasua mumewe kichwa? Kumbe dada ni dada.

Mimi mzima. Wamenipa kazi ya dobi, nakunja mashuka. Niliomba jikoni, maana nimewapikia watoto wa shule miaka kumi na mmoja, lakini ofisa alisoma faili langu mpaka akafika kwenye mwiko wa pilau, akanitazama, akasema nitafaa zaidi kwenye mashuka. Nilicheka njia nzima. Siku hizi nacheka mahali pasipochekesha.

Sasa habari yenyewe. Rufaa imekatwa. Wakili ni Bi Nurjehan, ofisi yake Croydon juu ya duka la miwani. Wazazi wake Wahindi wa Mombasa, na ukifumba macho akikukaripia utadhani uko Makadara. Amenieleza polepole nami nakueleza vilevile. Jaji alianzia miaka tisa kwa sababu ya sikio la kushoto la Linus. Daktari alisema limekufa, halitarudi, na jeraha la kudumu hupandisha hukumu ngazi nzima. Nilikubali kosa, akanipunguzia theluthi, ikabaki sita. Lingekuwa ni kichwa kupasuka na ngozi kushonwa tu, vitu vya kupona, angeanzia mitano, nami ningebaki na mitatu na miezi minne.

Utasema miaka ni miaka. Lakini mimi si raia, Dada. Anayefungwa minne au zaidi, mlango wa kubaki nchi hii hufungwa karibu wote. Chini ya minne naweza kusimama mbele ya watu wa uhamiaji niseme nina mtoto hapa, ana miaka tisa, nisikilizeni. Basi Jedidah wangu yuko katikati ya sita na mitatu.

Bi Nurjehan hanidanganyi, anasema rufaa haina nguvu. Kinachotubana ni karatasi ya kampuni ya reli anakofanya kazi Linus. Walimpima masikio miezi minne kabla ya siku ile, wakaandika yote mawili mazima. Kwa hiyo sikio nimeliua mimi, hakuna mwingine.

Sikutumi salamu kwake, nimekatazwa na mahakama. Lakini wewe unajua.

Mdogo wako,
Severin


Kwa anwani ya Margaret, Thornton Heath
Jumapili, 22 Februari 2015

Mdogo wangu Seve,

Nakuandikia nikiwa mezani kwako, mkeo Margaret ananipigia pasi sare ya kazi huku akinisema kwa nini nimekonda. Barua zako ziendelee kuja hapa. Linus hajui kwamba tunaandikiana. Nikitoka Thamesmead namwambia naenda kwenye maombi, na Mungu anisamehe, maana hata maombi yenyewe siku hizi siyawezi.

Linus hajambo. Kidonda kimefunga, kovu limejificha nyuma ya sikio. Kazi ya relini wamemtoa. Mtu asiyesikia vizuri hawamruhusu kukanyaga njia ya treni, kwa hiyo wamempeleka stoo, anagawa makoti ya rangi ya chungwa na glavu. Halalamiki. Jioni anakaa kwenye kiti chake, anatazama mpira, nami nakaa pembeni yake.

Nimesoma ile hesabu ya miaka mara nyingi kuliko nilivyosoma Biblia mwaka huu.

Seve, nikuulize kitu ambacho hakuna aliyekuuliza. Kwa nini? Ulikubali kosa, kesi ikaisha asubuhi moja, na jaji akasema ulimpiga shemeji yako bila sababu yoyote inayojulikana, mbele ya watoto, siku ya komunyo ya kwanza ya binti yako. Mimi nilikuwa chooni namfunga Jedidah utepe wa nywele. Niliporudi ukumbini, Linus alikuwa sakafuni na wewe umesimama juu yake na mwiko. Alikutukana? Alikudai? Mlikosana nini? Yeye anasema hajui. Anasema alikuwa anatazama watoto wakicheza uani, halafu giza.

Niambie. Nina haja ya kujua.

Dada yako,
Dinah


Jela
Jumatano, 11 Machi 2015

Dada,

Wamekataa. Jaji mmoja amesoma karatasi peke yake ofisini kwake, akaandika mistari minane kwamba hukumu haina kosa: jeraha ni la kudumu, na mahali pake ni ngazi ya juu, pale pale lilipowekwa. Bi Nurjehan anasema tuna siku kumi na nne za kuomba majaji watatu watusikilize, mpaka tarehe ishirini na tano. Lakini tukienda na maneno yale yale watatutimua. "Niletee kitu kipya, baba, hata kiwe kidogo," kaniambia. Mimi kitu kipya nitakitoa wapi? Humu hata soksi si zangu.

Jumamosi Margaret alimleta Jedidah. Nilimwuliza kwa Kiswahili kama anakula vizuri, naye akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba pilau ya mamake haina ukoko. Nikacheka. Baadaye nikajificha nyuma ya mashine za kufulia. Unakumbuka ukoko wa kwetu Changamwe? Mama akikwangua sufuria sote tunanyamaza, kwa sababu kila mtu anajua ni wa Baba, na hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono mpaka Baba avunje kipande atugawie.

Umeniuliza kwa nini. Dada, usiniulize. Wala Bi Nurjehan sikumwambia, ingawa alinibana saa nzima. Nilimwambia hasira, basi. Sababu yangu ni ya aibu kuliko kosa lenyewe. Mtu akisikia kwamba nilimpasua baba wa nyumba kichwa kwa jambo lile, ataniona mwendawazimu, na pengine atakuwa hajakosea. Acha nibebe hili kimyakimya.

Severin


Thornton Heath
Jumamosi, 14 Machi 2015

Seve,

Sitaki sababu. Baki na aibu yako. Niambie mambo mawili tu: ulikuwa umesimama wapi kabla hujainua mkono, na Linus alikuwa ameketi ameelekea wapi?

Nijibu upesi. Usiniulize kwa nini nauliza.

Dinah


Jela
Jumatatu, 16 Machi 2015

Dada,

Unauliza kama polisi. Haya.

Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko la ukumbi wa kanisa, pale penye meza ya kupitishia sahani. Linus alikuwa ameketi kiti cha mwisho karibu na dirisha, uso ameuelekeza uani kwa watoto. Alikuwa amenipa ubavu. Ubavu wa kushoto. Hatua saba au nane, hazifiki kumi.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, nimalizie. Nilimwita. Nikasema, "Shemeji!" Hakugeuka. Nikasema, "Shemeji Linus, njoo!" Hata kope. Pravin, yule mwenye duka la viungo aliyeniuzia bizari, alikuwa karibu na meza, akatabasamu. Nikaita mara ya tatu kwa sauti ya kutosha kuamsha maiti, na wanawake waliokuwa wakikata kachumbari wakaacha visu, mmoja akasema, "Severin, shemeji yako hakutaki leo." Wakacheka ukumbi mzima. Yeye akaendelea kutazama dirishani.

Unajua kwetu, ukimwita mtu mara tatu naye anakusikia na asiitike, amekwambia wewe si mtu. Na si kwamba ilikuwa mara ya kwanza. Miaka yote amekuwa akinifanyia hivyo. Krismasi kwenu, kwenye mazishi ya Baba, kituoni Woolwich. Nazungumza, ananitazama tu kama ukuta, siku nyingine anajibu vizuri kama ndugu. Nilisema moyoni huyu mtu ananidharau, ananichagulia siku. Nikatembea zile hatua saba nikiwa na mwiko mkononi. Yaliyofuata unayajua.

Nilichokuwa namwitia sikisemi.

Severin


Thornton Heath
Jumatano, 18 Machi 2015

Seve,

Nimeisoma barua yako nikiwa kwenye ngazi za mkeo, nikalia kwa sauti. Margaret alidhani Mama amefariki. Kama barua hizi wanazisoma, na wasome. Maji yamenifika shingoni.

Hakukusikia.

Sikio la kushoto la Linus lilikufa akiwa na miaka sita, kwa surua. Wewe hukuliua. Lilikuwa limekufa kabla hatujamjua, na la kulia siku ile lilijaa makelele ya watoto wa uani.

Unamkumbuka Cosmas wa reli, rafiki ya Baba, aliyekuwa hasikii vizuri, akagongwa na behewa lililokuwa likirudi nyuma pale yadi ya Changamwe? Baba ndiye aliyemfunika koti. Tangu siku ile aliapa binti yake hataolewa na mtu mwenye kasoro ya masikio, akasema hataki kumlea mjane. Nami nikampenda Linus. Wazee wa posa walipokuja, Baba aliuliza swali wanalouliza baba wote: "Kijana ana ila yoyote mwilini?" Baba mdogo wake Linus akajibu, "Mzima kama jiwe la kusagia." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na trei ya chai. Nilijua. Tulikuwa tumepanga mimi na Linus, hata kiti alichokalia nilikiweka mimi, ili Baba awe upande wake wa kulia. Nikatoka na chai, Baba akaniuliza mbele ya watu kama nimeridhika, nikasema nimeridhika.

Miaka kumi na tisa natembea kulia kwa mume wangu. Kanisani Thamesmead wanatutania kwamba tunapendana mno, maana nikitoka gari la mtu nazunguka mbio niwe upande ule ule. Nilikuona ukimwita kwenye mazishi ya Baba. Niliuona uso wako ulivyosawijika. Ningekwambia neno moja tu! Lakini wakati ule tayari alikuwa ameshapata kazi ya relini, na kazi ile haitaki kiziwi. Kipimo alikipita kwa hila. Mpimaji alikuwa akibonyeza kitufe nyuma ya kioo, naye Linus akimtazama mkono kwenye kivuli cha dirisha. Mkono ukishuka, naye anabonyeza. Hivyo ndivyo ilivyopatikana ile karatasi inayokubana. Mume wa binti wa Baba, kiziwi, amesimama kwenye reli! Kila siku akichelewa nilimwona Cosmas chini ya koti.

Ulipompiga, hospitali wakamwuliza, "Sikio hili unasikia?" Akasema hapana. Wakaandika. Hakusema limekufa leo. Hakusema limekufa zamani. Polisi wakaandika, daktari akaandika, na mimi niliketi pembeni ya kitanda nimeshika mkoba wake. Nilijiambia tutasahihisha kesho. Jaji aliposoma miaka sita nilikuwa mstari wa pili. Nilisimama, Seve. Nilisimama kweli, nikafungua mdomo, halafu nikajifanya natafuta miwani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeficha ya mwenzangu mpaka yakakuumbua wewe. Sina wa kumsingizia.

Kuna jambo jingine baya zaidi. Tangu mwezi wa kwanza nimekuwa nikimwambia Linus. Jioni, mpira ukiendelea, nakaa kushoto kwake nasema, "Linus, nitakwenda kwa wakili. Linus, siwezi tena." Namwambia yote upande ule asiosikia, halafu naenda kulala nikijiona nimesema.

Ni siku saba zimebaki. Nikienda Croydon, Linus atashtakiwa kwa kuidanganya mahakama. Nisipokwenda, Jedidah atakua akikujua kwa simu. Niamulie. Nafahamu sina haki ya kukuomba hata hilo.

Dinah


Jela
Ijumaa, 20 Machi 2015

Dinah,

Leo sikuiti Dada.

Usiku nilipiga ukuta mpaka jirani akapiga kengele ya ofisa. Miezi tisa nimelala nikilisikia lile sikio likivunjika mkononi mwangu. Nimemwomba Mungu msamaha kwa kiungo ambacho sikukigusa, na wewe ulikuwa unatafuta miwani! Baba alikufa akimsifu Linus kwa majirani. Mlimcheka?

Nimeacha kalamu, nimekunja mashuka mia mbili, nimerudi.

Sasa nakwambia jingine, nalo ni gumu kuliko hasira. Mpaka juzi nilikuwa mtu aliyempiga mwenye dharau. Ilikuwa dhambi, lakini ilikuwa na mpini wa kushikia. Kumbe nimempiga mtu aliyekuwa akitazama watoto wanacheza. Ningepiga ukuta usiosikia ningekuwa na akili zaidi. Kila Krismasi niliyomnunia, yeye alikuwa anajiuliza shemeji kapatwa na nini. Hata wakinipunguzia miaka yote, hilo nani atalipunguza?

Sikuamulii. Nikisema nenda, nitakuwa nimemfunga mumeo kwa mdomo wangu baada ya kumpasua kwa mkono wangu. Nikisema usiende, nimemtupa mwanangu. Usiniulize mimi, mwulize mwenyewe. Na ukae upande wa kulia.

Severin


Thornton Heath
Alhamisi, 26 Machi 2015

Seve,

Jumapili baada ya misa nilizima televisheni. Linus akasema, "Mbona unazima, kuna mechi?" Nikahamisha kiti changu, nikakaa kulia kwake.

Nikamweleza habari za barua zote. Nikamsomea na ile yako ya hatua saba, mahali pa kumwita mara tatu nikarudia, maana alinishika mkono akasema, "Soma tena hapo." Nilisoma tena. Akauliza, "Aliniita?" Nikasema ndiyo. "Kwa sauti?" Nikasema ukumbi mzima ulicheka. Akafunika uso kwa mikono yote miwili.

Halafu akasema maneno haya, nakuandikia kama alivyoyasema: "Mimi nilidhani alinipiga kwa sababu amegundua. Nilidhani ameujua uongo wa posa, amenilipiza kwa ajili ya Baba. Ndiyo maana sikusema kitu, Dinah. Niliona amechukua haki yake, nami nikachukua adhabu yangu."

Angalia, Seve. Miezi tisa tumekaa watu watatu, kila mmoja amekalia siri yake, na ukiziweka mezani pamoja hazina hata siku moja ya jela.

Nilimwambia nitakwenda mimi, niseme ni mimi niliyemshawishi. Akanijibu kwamba nimesema kwa niaba yake tangu siku ya posa na leo inatosha. Jumatatu aliomba ruhusa stoo, akavaa suti ya harusi ambayo haifungi tena tumboni, tukapanda basi, treni, halafu tramu mpaka Croydon. Kwenye tramu alikaa kiti cha dirishani ili mimi niwe kushoto kwake. Mara ya kwanza yeye mwenyewe kuniweka huko, nisiwe mdomo wake tena.

Bi Nurjehan alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mzee Linus, mimi ni wakili wa Severin, si wako. Ukitia sahihi hapa, nje ya mlango huu tafuta wakili wako mwenyewe leo leo." Linus akatia sahihi. Akatoa mfukoni kadi ya kliniki ya utotoni, iliyoandikwa surua na sikio, ambayo mimi sikujua kama bado ipo. Kumbe alikuwa ameitunza ndani ya pasipoti yake ya zamani miaka yote. Ombi limefika mahakamani Jumanne jioni, siku moja kabla.

Nimemponza mume wangu na nimekuponza wewe, kwa zamu. Usinijibu kama huwezi.

Dinah


Jela
Alhamisi, 15 Oktoba 2015

Dada Dinah,

Nimerudi kukuita Dada. Kinywa kimechoka na ukali, na miezi hii umekuwa ukimleta Jedidah kila Jumamosi ya pili bila kuniomba neno.

Ulikuwapo jana, uliona, lakini mimi nilikuwa kwenye skrini na pengine hukusikia vizuri. Majaji watatu walisema jaji wa kwanza hakukosea kwa alichokuwa nacho mezani, bali alichokuwa nacho kilikuwa si kweli. Uziwi ukiondolewa, jeraha linashuka ngazi. Miaka mitano, toa theluthi, mitatu na miezi minne. Nitatoka Februari kama uhamiaji hawatanizuia, na Bi Nurjehan ameshawaandikia barua kuhusu Jedidah.

Yule jaji mama aliyeketi katikati aliongeza kitu. Alisema nisidhani nimetakaswa, mtu aliyekaa kwa amani alivunjwa kichwa, na hilo halijabadilika. Nikatikisa kichwa kukubali. Bi Nurjehan aliniambia baadaye si kawaida mfungwa kukubali wakati anapunguziwa.

Linus wamemchukulia hatua, nimesikia. Sikulala.

Severin


Thamesmead
Jumapili, 8 Novemba 2015

Shemeji Severin,

Padri wa jela aliniombea ruhusa nikuandikie, nami nikasaini kwamba sikuogopi. Nilicheka nikisaini. Mimi si mtu wa barua, utanivumilia.

Kesi yangu ni tarehe tisa Disemba. Nimekubali kosa. Wakili anasema na mimi nitapata theluthi, kwa hiyo sasa sote tunajua hesabu hiyo. Anatumaini miezi tu. Reli wameniachisha kazi, na ni haki yao. Nilikuwa nawasimamia wenzangu usalama kwa sikio moja. Kila siku nilisema leo ya mwisho.

Nilikutendea ubaya mara mbili. Kwanza nilikufanya ujione hufai kuitikiwa. Pili nilikuacha ubebe jela mzigo niliokuwa nao tangu utoto. Nilimdanganya mzee wako akiwa amenishika mkono. Sina neno la kuongeza hapo. Naomba radhi, wewe na yeye aliko.

Siku hizi nawaambia watu. Nikikutana na mtu namwambia, kaa huku, sikio la huko halifanyi kazi. Ni rahisi ajabu. Inachukua muda wa kukohoa tu. Miaka arobaini na minne niliogopa kitu cha muda wa kukohoa.

Nina swali moja, kisha sikusumbui. Dinah ananiambia kwenye barua zako zote hukusema. Siku ile uliniita mara tatu. Mimi nililala hospitali wiki mbili nikifikiri ulinipiga ili uniumbue mbele ya watu. Ulikuwa unaniitia nini?

Linus


Jela
Jumatatu, 16 Novemba 2015

Shemeji Linus,

Nimechana karatasi nne. Hii ya tano itakwenda ilivyo.

Radhi yako nimeipokea. Yangu siombi kwa barua. Nikitoka nitakuja Thamesmead nipige magoti, na wewe utakuwa na haki ya kuniacha hapo hapo mlangoni. Kama utakuwa hujarudi nyumbani, nitakuja kukutembelea huko watakakokupeleka. Njia ya kuingia vyumba vya wageni naijua.

Ulichouliza sikumwambia jaji, wala wakili, wala Margaret, wala dada yangu. Sasa ni wewe.

Siku ile nilipika kilo ishirini za mchele. Watu wakaanza kupakuliwa, nami nikainama kwenye sufuria kubwa nikakwangua chini. Ukoko ulitoka mzima, mwekundu, haukuungua hata upande mmoja. Tangu Baba afariki nilikuwa nautupa. Sikuweza kumpa mtu, na kuula mwenyewe sikuweza. Siku ile nikamtazama Jedidah na gauni lake jeupe, nikakutazama wewe pale dirishani, nikasema moyoni, babu hayupo lakini shemeji yupo, ndiye mkubwa wetu sasa hapa London, na hii chuki yangu ya kijinga iishe leo. Nikauweka kwenye sahani ya bluu, nikaufunika na sahani nyingine usipoe. Mwiko ulikuwa bado mkononi.

Nilikuwa nakuita uje ule.

Severin